Hapa Hakuna Agness

Kwetu Bisibo, wilaya ya Biharamulo, ukiuliza nyumba ya mtu huonyeshwi nyumba tu. Utaonyeshwa na shamba lake, utaambiwa mke wake wa kwanza aliondoka kwa sababu gani, na huenda ukasindikizwa hadi mlangoni na mtu ambaye naye anataka kujua umefuata nini. Nimekulia kwenye midomo ya namna hiyo, na nilidhani nchi nzima iko hivyo. Ndiyo maana nilipohamishiwa Bugarama, wilaya ya Ngara, kufundisha Jiografia, nilishangaa sana. Majirani walikuwa wakarimu kupita kiasi, waliniletea ndizi na maharage kabla sijafungua mizigo, lakini ukiwauliza fulani anakaa wapi, hakuna anayejua. Nilifikiri wananiringia.

Aliyenizoesha pale alikuwa Agness Sindayigaya, mwalimu mwenzangu. Alifundisha Hisabati, na alikuwa na tabia ya kubaki darasani baada ya kengele na wale wanafunzi ambao sisi wengine tulishawakatia tamaa. Watoto wetu nyumbani wanaongea Kihangaza au Kirundi, shule ya msingi wanakutana na Kiswahili, na wakifika sekondari wanapokelewa na Kiingereza. Agness alisema hawafeli hesabu, wanafeli kuelewa wanachoulizwa. Alitaka kulisomea jambo hilo hadi mwisho, shahada ya uzamili ya elimu, halafu arudi na njia ya kuwafundisha. Mimi nilikuwa namwambia apunguze ndoto ale ugali. Mkopo wa shahada yake ya kwanza ulikuwa bado unakatwa kwenye mshahara, na mama yake mjane alikuwa anamtegemea yeye kwa chumvi na kwa dawa.

Lakini mimi mwenyewe ndiye niliyeliona tangazo. Lilitumwa kwenye kundi letu la walimu kwenye simu: mfuko mmoja wa ufadhili wa Dar es Salaam ulikuwa unatafuta walimu wa vijijini wa kuwasomesha uzamili wa elimu. Ada, chakula, malazi na gharama za utafiti, vyote juu yao. Masharti yalikuwa mawili ya kuogofya. Mwombaji awe anaishi katika kaya ya kipato cha chini, tena huko huko anakofundisha. Na awe hajafikisha miaka thelathini na tano. Agness alikuwa anaitimiza mwezi wa Desemba. Ufadhili ukimpita mwaka ule, umempita moja kwa moja.

Tukaanza kuhangaika. Barua ya ruhusa ya mwajiri ilipanda kilima hadi makao makuu ya wilaya, ikashuka kwa kukosa muhuri wa kata, ikapanda tena. Pale Ngara mjini, kwenye steshenari iliyo jirani na stendi, yule dada wa kompyuta alituzoea hadi akawa anatuuliza tumefika wapi. Usaili ulifanyika kwa njia ya simu ya video, ndani ya ofisi ya mkuu wa shule kwa sababu huko ndiko mtandao unakoshika. Mimi nilisimama nje nikiwafukuza wanafunzi wasipige kelele. Agness alitoka jasho linamtiririka, akaniambia, "Dada Jovina, nadhani wamenielewa."

Na kweli walimwelewa. Ujumbe ulikuja kwamba amechaguliwa, imebaki hatua moja tu, uhakiki wa makazi. Afisa wao angefika kijijini bila kutoa taarifa, maana miaka ya nyuma watu wenye majumba mjini walikuwa wanaandika vibanda vya wajomba zao. Angeuliza majirani kama mwombaji anafahamika, anaishi pale kweli, na wazazi wake ni watu wa hali gani. Basi.

"Umemwambia mama?" nilimuuliza.

"Likikamilika nitamwambia," Agness alisema. "Sasa hivi ataanza kuniombea kwa sauti kwenye jumuiya, na Bugarama nzima itajua. Nikikosa nitaficha wapi uso?"

"Mwambie. Huyo ni mama yako."

Akacheka. "Wewe ni mtu wa Bisibo, hujui kukaa na neno."

Alisema kweli, sijui. Na bado mara hiyo moja nikanyamaza, kwa sababu niliombwa na rafiki. Hadi leo nikimwona mama yake barabarani nalaani ustaarabu wangu wa siku ile.

Mwezi wa Septemba walimu wa sekondari tulipangwa kusimamia mtihani wa darasa la saba. Agness alipelekwa shule moja ya upande wa Rulenge, na msimamizi hukabidhi simu yake asubuhi, harudishiwi hadi mtihani uishe. Hatukujua kwamba ni siku hizo hizo afisa alipofika Bugarama. Tulirudi kazini, tukasubiri. Agness alikuwa anafungua simu kila kipindi kikiisha, anaifunga, anachukua chaki.

Jibu lilikuja Oktoba, tukiwa kwenye chumba cha walimu. Alilisoma akanipa simu. Waliandika kwa upole kwamba afisa wao amefika katika kitongoji kilichotajwa, ameongea na kiongozi wa eneo na wakazi kadhaa, na hakuna hata mmoja anayemfahamu mwombaji. Kwa hiyo maombi yamefungwa, na wanamtakia kila la heri.

Mimi damu ilinipanda. Nilijua ni fitina, na nilijua ni ya nani. Jirani yao, Mzee Gaspari, alikuwa balozi wa mtaa, na mbuzi wake walikuwa hawaishi kugombana na maharage ya akina Agness. Nikasema leo hii mzee atanieleza. Agness alinisihi tusubiri, nikamwambia asubiri yeye. Mwishowe alinifuata, akiwa nyuma yangu hatua kadhaa, kama mtu anayepelekwa hospitali.

Tulimkuta Mzee Gaspari mbele ya nyumba yake akichonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwarimu. Kaeni, kaeni." Alituonyesha kigoda. Nilibaki nimesimama.

"Mzee, kuna mgeni alipita hapa kumuulizia Agness?"

Nilitegemea atababaika. Badala yake uso ukamchangamka. "Arikuja! Gari jeupe, kitambulisho shingoni, makaratasi mkononi. Ananiuliza, balozi, unamfahamu Agness Sindayigaya? Anakaa wapi? Wazazi wake ni nani? Nikamwambia, bwana mkubwa, hapa hakuna Agness."

Yeye aliendelea, akimwangalia Agness kwa furaha.

"Akarudia, nikamwambia ajaribu Kabanga, labda yuko huko. Akawafuata wanawake kisimani, nao wakasema hivyo hivyo. Akawauliza waliokuwa wanaanika muhogo, hawamjui. Hakuna aliyeteleza, mwanangu. Hata mmoja! Tulikuficha vizuri."

Kama ni kutukana, nilikuwa nimekuja na matusi ya kutosha, lakini yote yalinikauka mdomoni. Mzee alikuwa anasubiri kushukuriwa.

Agness ndiye aliyeongea. "Mzee, yule mtu alikuwa ananiletea masomo. Alikuja kuhakikisha kwamba mimi ni wa hapa."

"Masomo gani yanayokuja na gari?"

Alimweleza, polepole, mara kwa Kiswahili mara kwa Kirundi. Nilimwona mzee akiweka mpini chini, halafu panga, halafu mikono hana pa kuiweka. "Mbona hukutuambia?" alisema. "Agness, mbona hukutuambia hata neno moja?" Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, "Alifika hadi kwa mama yako. Mama yako ndiye aliyeongea naye zaidi yetu wote."

Hapa lazima nieleze kitu ambacho mimi mwenyewe nilielezwa na Agness njiani, tukivuka kishamba cha migomba kilicho kati ya nyumba hizo mbili. Watu wa mtaa ule wengi wazazi wao walivuka kutoka Burundi na Rwanda, kila kundi na vita yake. Agness kazaliwa Ngara, kasoma Ngara, ana kitambulisho cha taifa kama mimi. Mama yake, Dafroza, alishapata karatasi zake za uraia zamani. Lakini kulikuwa na mwaka mmoja wa msako wa wahamiaji, na mwaka huo mgeni mmoja mwenye adabu alimuulizia dada yake Dafroza, aliyeitwa Niragira. Jirani akaonyesha nyumba kwa mkono, kwa nia njema kabisa. Jioni Niragira alikuwa ng'ambo ya mpaka, na karatasi zake ziko kwenye sanduku chini ya kitanda huku Bugarama. Alifia huko huko kabla hazijamfikia. Tangu hapo mtaa mzima ulikubaliana bila kuitisha kikao. Mgeni akija kuulizia mtu, mpe maji, mpe kiti, mpe chakula. Mtu usimpe.

Mama Dafroza alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachambua maharage. Aliniitikia shikamoo, akauliza hali ya watoto wangu. Agness hakusubiri.

"Mama, kuna mtu alikuja kuniulizia nilipokuwa kwenye mtihani?"

Mama alichungulia barabarani kwanza. Halafu akashusha sauti. "Alikuja. Sikukuambia, nisikutie hofu."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimkaribisha vizuri. Nilimpa ndizi mbivu, maana mtu ukimfukuza anashuku. Akaniuliza kama nina mtoto anaitwa Agness. Nikamwambia Mungu hakunijalia mtoto." Alitabasamu kidogo, kama mtu anayeona haya kusifiwa. "Nguo zako zilikuwa kwenye kamba, akaziangalia. Nikasema ni za mpangaji, kahama. Usiogope, aliamini. Alinipa na pole."

Sijawahi kumsikia Agness akipaza sauti, hata darasani. Siku hiyo alipaza. Alisema ametamani kusoma miaka yote, amepata, na mama yake mzazi amemkana mbele ya mtu aliyemletea. Alisema sasa hivi angekuwa anafunga begi la kwenda chuo. "Na umri umepita, mama! Mwaka kesho hawanitaki. Umepita!"

Mikono ya mama ilisimama ndani ya maharage. "Chuo gani?" aliuliza.

Agness alikuwa analia, ikabidi nieleze mimi. Nilieleza vibaya, nikarudia. Mama Dafroza aliniomba nirudie tena ile sehemu ya kwamba yule mtu alikuwa mwema. Nikarudia. Kisha akasimama, maharage yakamwagika kutoka mapajani, akaanza kutafuta kitenge chake cha kanisani.

"Tumfuate," alisema. "Nitamwambia mimi ni mama yake. Anioneshe biblia nitaapa."

"Yuko Dar es Salaam, mama," nilisema.

"Basi mpigieni."

Tulipiga ile namba iliyokuwa chini ya ujumbe. Tulihamishwa kwa huyu na yule hadi tukampata afisa mwenyewe, bwana mmoja anaitwa Maduhu, kwa lafudhi yake nilijua ni Msukuma. Agness alijitambulisha. Kabla hajamaliza, mama aliinamia simu kama anaongea na mtu aliye ndani ya kisima.

"Baba, mimi ndiye yule wa ndizi. Nilikudanganya, baba. Agness ni wangu. Nilimzaa mwenyewe, hapa hapa Bugarama, mvua inanyesha, hata mkunga hakuwahi. Zile nguo zilikuwa zake."

"Nakuamini, mama," alisema Bwana Maduhu. "Kweli nakuamini. Ningejua siku ile, ningekaa pale hadi jioni. Lakini jina lake lilishaondolewa, akawekwa mwalimu mwingine, na huyo ameshapokelewa chuoni. Siwezi kumtoa."

"Huyo mwingine ana mama?" Dafroza aliuliza.

"Anaye, mama."

"Basi usimtoe."

Simu ikakatika. Ilikuwa ni wakati wa kumkumbatia yule mama, na ningekuwa na akili ningefanya hivyo. Lakini Agness alikuwa bado na hasira, na hasira ya mtu mpole ukiichelewesha inatoka yote kwa pamoja. Alifuta uso na kiganja, akasema kwa sauti aliyokuwa anaitumia kwa watoto wa kidato cha kwanza: "Kuanzia leo, mama, mtu akija akauliza, mwambie. Mwambie kila kitu. Usifiche hata kimoja. Umenisikia?"

"Nimesikia," alisema mama.

Nilidhani ni maneno ya hasira tu, yatapita. Agness naye alidhani hivyo. Wiki zilivyokwenda alipoa, akamwomba mama yake radhi, mama akasema hakuna neno. Alirudi kubaki darasani baada ya kengele. Matangazo mengine ya ufadhili yaliendelea kuja kwenye kundi letu la simu, kila moja na mstari wake wa umri. Nikawa nayafuta kabla hajayaona, kazi ya bure, maana simu yake nayo ilikuwa inayapokea. Siku moja nilimkuta anasoma moja hadi mwisho. Alipomaliza alilituma kwa mwalimu mgeni aliyeripoti mwaka ule, kijana, na akamwandikia asichelewe kuwaambia nyumbani.

Aliyebadilika ni mama. Mwanzoni tulicheka. Sokoni alimwambia muuza mitumba jina lake, la marehemu mumewe, na kwamba binti yake ni mwalimu, anakaa nyumba ile yenye mlango wa bati. Dereva wa bodaboda aliyeuliza njia ya kwenda zahanati alipewa njia, na juu yake akapewa ukoo mzima. Mimi nilimtania, nikamwambia sasa amekuwa mtu wa Bisibo kamili. Alicheka kwa adabu tu. Wanawake kisimani wakaanza kunyamaza akifika. Mzee Gaspari alinifuata hadi shuleni, kofia mkononi, akasema, "Mwarimu, mkataze. Atatuumiza." Nilimwambia nitaongea naye. Sikujua ningeanzia wapi.

Kisha akaja yule kijana wa mbegu. Ilikuwa Jumamosi, mimi na Agness tumekaa barazani tunasahihisha madaftari, mama yuko uani anaosha vyombo. Kijana alikuwa na fulana ya kampuni na daftari, anazunguka nyumba kwa nyumba kuuliza wakulima wanapanda maharage ya aina gani. Alimsalimia mama kwa heshima, akauliza swali lake.

Mama Dafroza alikausha mikono, akasimama wima, miguu pamoja, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Naitwa Dafroza," alisema. "Nilizaliwa Muyinga, Burundi. Tulivuka nikiwa mgongoni kwa mama yangu. Mume wangu alikuwa Sindayigaya, amefariki. Huyu ni Agness, mtoto wangu wa kumzaa, ni mwalimu, hana kosa lolote. Dada yangu aliitwa Niragira, walimrudisha."

Kijana aliacha kuandika. "Mama, mimi nilitaka maharage tu."

"Nakuambia yote," mama alisema. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye migomba. "Pale anakaa balozi Gaspari. Mkwe wake, yule mwenye mtoto mchanga, alikuja juzi juzi tu kutoka ng'ambo. Huyo bado hana kitambulisho."

"Mama!" Agness aliruka, madaftari yakatawanyika. "Mama, inatosha! Nyamaza!"

Mama aligeuka. Mkono ulikuwa bado umenyooka kuelekea nyumba ya jirani, akawa anauangalia kama si wake. Akaushusha taratibu.

"Nimekosea tena?" aliuliza.

Kijana alifunga daftari lake, akasema ana haraka, akaondoka bila kupata jina la maharage. Sijui kama alikuwa mtu mwema au mbaya. Alikuwa na tabasamu zuri.

"Basi nifundishe, mwanangu," mama alimwambia Agness. Hakuwa na hasira, alikuwa anauliza kweli. "Yule wa ndizi nilimficha ukweli, kumbe alikuwa mwema. Huyu nimemwambia, unaniambia ninyamaze. Wote wanakuja na makaratasi, wote wananiita mama. Nitamjuaje wa kumwambia?"

Agness alikuwa amesimama katikati ya madaftari ya watoto wa watu, na kalamu nyekundu mkononi.

"Sijui, mama," alisema. "Kweli sijui."